Neno «sans» katika Kiingereza: mgeni asiyepewa jembe

Fratri mmoja wa mwaka wa kwanza wa falsafa alinijia siku moja na kitabu cha Kiingereza mkononi. Kifaransa alijifunza tangu utoto wake shuleni. Kiingereza ndiyo kwanza anakianza, kwa kuwa jirani zetu wa Uganda, Tanzania na Zambia hukitumia, na vitabu vingi vya teolojia siku hizi hutoka katika lugha hiyo. Akaweka kidole chini ya neno moja, akaniuliza: «Padri, hapa mpiga chapa amekosa?» Lilikuwa neno sans. Kila mtu aliyesoma Kifaransa alijua: maana yake ni bila, au pasipo. Lakini hapa lilikaa katikati ya sentensi ya Kiingereza, pasipo alama yoyote ya kuonyesha kwamba ni neno la kigeni, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa wengine akaketi bila kupiga hodi.

Nilimjibu kwamba mpiga chapa hana kosa. Jibu hilo halikumtosha, na kwa kweli halikunitosha mimi vilevile. Waingereza wana neno lao la kusema bila, nalo ni without, la kale sana. Kwa nini basi wakaazima la Wafaransa? Na wakiisha kuliazima, kwa nini hawalitumii kila siku?

Mtu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya walimu wa lugha tu. Mimi sioni hivyo. Sisi tunaohubiri na kufundisha katekisimu twaishi kwa vineno vya namna hii: katika, kwa, juu ya, bila. Kosa katika neno kubwa husikika mara moja, na mzee mmoja wa parokia atakusahihisha mlangoni mwa kanisa. Kosa katika neno dogo hupita kimya, na fundisho zima huenda nalo. Nitaleta mfano mmoja mbele kidogo, nao wamhusu Mama wa Bwana wetu. Lakini kwanza tumfuate huyu mgeni tangu alikotoka.

Asili yake

Sarufi ya Kifaransa huliita sans «préposition». Vitabu vya sarufi ya Kiswahili husema kihusishi. Mzazi wake ni neno la Kilatini sine, ambalo mafratri walilijua tangu seminari ndogo, pamoja na ablativo yake. Wafaransa wa zamani waliliandika kwa namna nyingi: sens, sanz, na nyingine. Ile s ya mwisho haikutoka katika sine. Waliiongeza wenyewe, kama walivyoiongeza katika maneno mengine ya namna hiyo. Wako wataalamu waonao pia kwamba neno la Kilatini absentia, yaani kutokuwapo, ndilo lililolivuta hata likapata sura yake ya leo.

Liliingiaje Uingereza? Mwaka 1066, Guillaume, mtawala wa Normandie, alivuka bahari na jeshi lake, akamshinda mfalme wa Waingereza karibu na Hastings, akatwaa kiti chake. Tangu hapo, kwa muda wa karibu miaka 300, wakubwa wa nchi walisema Kifaransa: mfalme, mabwana wa mashamba, waamuzi, na maaskofu wengi. Watu wa kawaida walibaki na Kiingereza chao shambani na jikoni. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo, lugha moja ya ofisi na nyingine ya nyumbani. Ni mwaka 1362 tu ndipo sheria iliagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza mbele ya waamuzi. Na ajabu ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Maneno ya Kifaransa yaliyoingia katika Kiingereza wakati ule hayahesabiki. Karibu yote ni majina, vitendo na sifa: haki, hukumu, nyama ya mezani, nguo, utukufu. Vihusishi ni jambo jingine. Lugha huazima kwa urahisi jina la kitu ambacho haikuwa nacho, lakini vineno vinavyofunga sentensi, kama mishono inavyofunga kanzu, hazipendi kuviazima, kwa maana kila lugha tayari inavyo vyake. Neno sans hata hivyo lilipita. Katika karne ya 14 tunalikuta katika maandiko ya Kiingereza, na namna lilivyopita yafaa kuangaliwa.

Halikuja peke yake. Lilikuja limeshikana mkono na majina ya Kifaransa, katika misemo iliyokwisha kufanywa tayari kule lilikotoka: sans na neno la kukawia, sans na neno la shaka, sans na neno la huruma, sans na neno la kurudi. Waingereza hawakuliazima neno moja. Waliazima msemo mzima, kama mtu anunuavyo kisu pamoja na ala yake. Baadaye tu wengine walijaribu kulichomoa na kulitia mbele ya majina ya Kiingereza asilia.

Mwenye nyumba

Sasa tumtazame mwenye nyumba, yaani without. Neno hili lina historia ya kuwasaidia hata wanaosoma Maandiko Matakatifu. Zamani liliandikwa withutan, na maana yake ya kwanza haikuwa kukosa kitu. Ilikuwa «upande wa nje». Kitu kilicho nje ya nyumba hakimo ndani. Basi nyumba yakikosa. Hivi ndivyo maana ya pili ilivyozaliwa kutoka ya kwanza, na kwa karne nyingi zote mbili zilikaa katika neno lile lile.

Katika Barua kwa Waebrania, sura ya 13, aya ya 12, tunasoma kwamba Yesu aliteswa nje ya mlango wa mji. Wakatoliki wa Uingereza waliokimbilia Ufaransa walichapa Agano Jipya lao huko Reims mwaka 1582, na katika aya hiyo walitumia without. Msomaji wa leo asiyeonywa aweza kudhani kwamba Bwana wetu aliteswa akiwa hana mlango! Ndivyo ilivyo pia kwa wimbo mmoja wa Kiingereza wa mwaka 1848 juu ya kilima cha Golgota, walioandikiwa watoto. Unasema kwamba kilima hicho kiko nje ya ukuta wa mji, kwa neno lile lile. Watoto wa vizazi vingi wameuliza kwa nini kilima kihitaji kuwa na ukuta. Baadhi ya vitabu vya nyimbo vimeliondoa neno hilo na kutia jingine lililo wazi.

Basi mwenye nyumba alikuwa amebeba mizigo miwili, na mgeni mmoja tu. Mtu angeweza kutazamia kwamba Waingereza wangefurahi kumpokea huyu mwepesi, wampe maana ya kukosa, na kumwachia without maana ya nje. Haikuwa hivyo. Ile maana ya nje ndiyo iliyokufa polepole, na without akabaki na kazi yote ya kukosa. Kisa chake, naona, ni kwamba mama aliyemwambia mtoto wake «usitoke bila viatu» hakupata kusema Kifaransa. Neno linalofundishwa na mama halishindwi na neno linalofundishwa na mwamuzi.

Wazee wetu wasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waingereza walimkaribisha sans zaidi ya miaka 600 iliyopita, na mpaka leo hawajampa jembe. Twajuaje? Tumwangalie kazini. Kwao Ufaransa, sans hulima kila shamba. Hukaa mbele ya jina: sans argent, bila feza. Hukaa mbele ya kitendo: sans parler, bila kusema. Huongoza hata sentensi nzima, kwa sans que, na kitendo kifuatacho kikabadili sura yake, jambo ambalo limewatoa jasho mafratri wengi katika mtihani. Katika Kiingereza hukaa mbele ya jina tu, na mara nyingi jina lililo uchi, lisilo na artikulo. Mbele ya kitendo ni nadra sana kulikuta. Mbele ya sentensi nzima halikai. Hizo zote ni kazi za mwenye nyumba.

Bwana aliyeapa kuacha hariri

Mwandishi aliyelifanya neno hili lijulikane kuliko wote ni Shakespeare. Watu hukumbuka hasa mchezo wake uitwao As You Like It, alioutunga karibu na mwaka 1599. Ndani yake mtu mwenye huzuni, mwenye jina la Kifaransa, Jaques, aeleza jinsi maisha ya binadamu yalivyo na vipindi saba, kama sehemu saba za mchezo mmoja. Kipindi cha mwisho ni uzee uliorudi utotoni. Katika mstari wa kumalizia, sans larudi mara nne, kila mara likimwondolea mzee kitu kingine, kuanzia meno yake, mpaka asibakiwe na chochote. Hapo neno la kigeni lafanya kazi nzuri. Ni fupi, silabi moja tu, wakati without ina mbili. Laanguka kama nyundo juu ya msumari.

Lakini kwa wahubiri mimi napendelea mahali pengine, pasipojulikana sana. Ni katika Love's Labour's Lost, mchezo uliopigwa chapa mwaka 1598. Mfalme wa Navarre na mabwana watatu wameapa kusoma tu na kutowaona wanawake. Mara binti mfalme wa Ufaransa anafika na wenzake, na kiapo kinavunjika. Bwana mmoja, Berowne, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, amemzoea sana uzuri wa maneno, hata mpenzi wake Rosaline hamwamini tena. Mwishoni Berowne anatubu. Anaahidi kuyaacha maneno ya hariri, ya kung'aa na kujipamba. Tangu leo atamwambia mapenzi yake kwa maneno ya nguo nene ya mkulima, ndiyo yake iwe ndiyo, siyo yake iwe siyo. Na papo hapo, katika sentensi yenyewe ya kuonyesha kwamba amegeuka, anasema kwamba pendo lake halina ufa wala kasoro, na neno alilolichagua la kusema «bila» ni sans!

Rosaline hakulikosa. Alimjibu kwa maneno machache, akimwomba aendelee bila hilo «bila» lake, na yeye mwenyewe alitumia sans kumkatazia sans. Berowne akakiri kwamba ugonjwa wa zamani bado umo mwilini, utatoka polepole.

Angalieni hapa jambo lenyewe. Watu hawa wote katika mchezo ni wa Navarre na Ufaransa. Kama tungetaka ukweli wa mambo, kila neno lao lingekuwa Kifaransa. Lakini waliosikiliza walikuwa watu wa London, na masikio yao yalijua kwamba sans ni kipande cha hariri. Karibu miaka 300 baada ya kuingia, bado lilinukia ofisi ya wakubwa. Kila mmoja wetu aliyewahi kuandika homilia nyepesi kwa ajili ya kijiji, halafu akajikuta ametia neno la seminari kubwa katikati, anamjua Berowne. Mimi namjua sana.

Baada ya Shakespeare

Baada ya siku zake neno lilizeeka. Waandishi walilitumia wakiwa wanamkumbuka yeye, si kwamba walilisikia njiani. Likabaki katika pembe chache.

Pembe ya kwanza ni ya wanasheria na wafanya biashara. Mtu akimpa mwingine hati ya deni kwa kutia sahihi nyuma yake, aweza kuandika sans recours: mdaiwa akishindwa kulipa, usinirudie mimi.

Pembe ya pili ni ya wapiga chapa, na hiyo yatuhusu sisi tunaochapa barua za parokia kwa ordinateri. Herufi nyingi za vitabu zina vimguu vidogo kwenye ncha zake. Mwaka 1816 William Caslon wa nne, wa London, alitoa herufi za chapa zisizo na vimguu hivyo, na mwaka 1832 Vincent Figgins aliziita zake sans-serif. Jina hilo limeenea dunia nzima. Hata ile herufi ya kitoto, Comic Sans, iliyotengenezwa mwaka 1994, na ambayo wanafunzi wengine huipenda kupita kiasi, yachukua neno la Kilatini sine mgongoni mwake.

Kisha kuna majina ya sifa. Sans Pareil, yaani pasipo mfano, ilikuwa meli ya Wafaransa iliyotekwa na Waingereza vitani mwaka 1794; walioiteka hawakubadili jina, wakalirithisha kwa meli nyingine. Mwaka 1829 fundi Timothy Hackworth aliiita hivyo hivyo mashini yake ya gari la moshi, akaileta Rainhill kwenye mashindano. Mashini isiyo na mfano ikaharibika kabla ya kumaliza, na ile ya Stephenson ikachukua zawadi.

Neno jingine ni la huzuni: sans-culottes, jina la watu wa Paris wakati wa Mapinduzi, waliovaa suruali ndefu na kukataa zile fupi za wakubwa. Waingereza walilipokea pamoja na hofu yake. Ilikuwa katika siku hizo, mwezi wa Septemba 1792, kwamba mapadri na maaskofu wengi waliofungwa Paris waliuawa. 191 kati ya waliokufa siku zile walitangazwa Wenye heri na Papa Pio XI mwaka 1926. Maelfu ya mapadri wengine wa Ufaransa walikimbilia Uingereza, nchi ya Waprotestanti, wakapokewa kwa ukarimu. Nalitaja kwa sababu historia ya maneno husahau mara nyingi kwamba maneno husafiri pamoja na watu, na wengine kati ya watu hao hukimbia.

Sisi wa Kivu twamjua sans katika jina moja zaidi, lililoandikwa kwenye magari meupe: Médecins Sans Frontières, shirika lililoanzishwa Paris mwaka 1971. Huko Uingereza wameliacha jina hilo katika Kifaransa chake; huko Marekani walilitafsiri, na mwenye nyumba without akarudi mahali pake. Nasi tulilitafsiri, lakini si kwa bila: redio husema Madaktari Wasio na Mipaka. Lugha yetu ilipita njia yake, haikutafuta kihusishi, ilitumia kitendo.

Leo basi, yeyote anayesoma Kiingereza atalikuta sans katika magazeti na vitabu vya masimulizi, na afanyeje? Kwanza asilisome kwa kupitisha sauti puani kama Mfaransa; Waingereza hutamka karibu na «sanz», na ile s ya mwisho yasikika kama z. Tena ajue kwamba mara nyingi kitu kinachokosekana ni kile ambacho watu walitazamia kukiona. Waziri alifika sans tai yake. Mpishi alileta chai sans sukari. Na zaidi ya hayo, mwandishi anacheka kidogo, au anajivuna kidogo, au yote mawili. Sentensi ya fratri wetu ilisema juu ya profesa aliyeingia darasani sans karatasi zake. Hapana kosa la chapa. Ni mwandishi aliyekonyeza jicho. Lakini mtu anayetangaza msiba, anayesema juu ya yatima walioachwa bila wazazi, hatumii sans. Machozi yana without.

Mgeni wetu sisi aliyepewa jembe

Hapa wengine watafurahi na kusema: tazameni, neno la kuazima halina mizizi, tuyafukuze yote. Wasifurahi haraka. Neno letu bila latoka wapi? Latoka kwa Waarabu. Ni bi, maana yake kwa au pamoja na, na la, ambayo ni ile ile la tunayotumia kukataa. Neno letu la Kibantu ni pasipo, lililojengwa na pa, si na po: mahali ambapo kitu hakipo. Na jambo la kushangaza: bila liliingia kwa namna ile ile kama sans. Chukueni bila shaka. Shaka nalo ni neno la Kiarabu. Msemo ulikuja umefungwa tayari, kama vile msemo wa Kifaransa wenye maana ile ile ulivyovuka bahari kwenda Uingereza.

Tofauti ni yale yaliyofuata. Bila hatukuliacha barazani. Twasema bila maji, bila ng'ombe, bila watoto, maneno yasiyojua Uarabuni. Twasema bila kulala, bila kujua, bila kuomba ruhusa: limepewa kitendo, jembe lenyewe. Lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, likafika Ujiji, Maniema na Tanganyika, na leo mama wa Lubumbashi au wa Kalemie hamkumbuki Mwarabu anapolisema. Jirani zake ni kabla, baada na hata, wote wa ukoo mmoja wa Kiarabu. Kiswahili, basi, kimefanya mara nyingi jambo ambalo Kiingereza kilishindwa kulifanya mara moja.

Kwa hiyo sina ugomvi na kuazima. Ugomvi wangu ni na Berowne. Katika miji yetu twasikia kila siku depuis, sauf, malgré, na sans problème, katikati ya Kiswahili. Sokoni haidhuru, na huenda siku moja mojawapo ya maneno hayo likapewa jembe. Si mimi wala si wewe tutakayeamua, ni mama zetu. Mbele ya altare ni vingine. Kijana asemapo depuis katika homilia, wazee wa viti vya nyuma husikia kwanza kwamba huyu amesoma, na habari ya Injili wanaisikia baadaye, ikiwa bado wanasikiliza.

«Bila dhambi»: dhambi ya nani?

Niliahidi mfano. Mwaka 1830 Katarina Labouré, mnovisi wa Mabinti wa Upendo, aliona huko Paris, katika njia ya Bac, ile medali ambayo wakristu wetu wengi huivaa shingoni. Medali za kwanza zilitengenezwa mwaka 1832. Maneno yaliyoizunguka ni ya Kifaransa, na ndani yake kuna sans, na neno la dhambi. Wakatoliki Waingereza walipotafsiri sala hiyo, hapakuwa na mashindano: walitia without. Neno la kuwakonyezea wasomaji jicho halikupata hata kugombea nafasi hiyo.

Lakini hata neno la kawaida kabisa lina shida yake. Kihusishi hushika jina nyuma yake, hakisemi kila mara kimeshikwa na nani mbele yake. Mwambie mkatekumeni kwamba Maria alitungwa mimba bila dhambi, kisha mwulize: dhambi ya nani? Nimefanya hivyo mara nyingi. Wengine hujibu kwamba wazazi wake hawakufanya dhambi walipomzaa, na kutoka hapo huanza kudhani kwamba ndoa yenyewe ina uchafu, kwa kuwa watoto wengine hawasifiwi hivyo. Wengine, nao ni wengi zaidi, hufikiri ni habari ya Yesu kutungwa mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, wakachanganya sikukuu ya tarehe 8 Desemba na ile ya tarehe 25 Machi. Ni wachache wanaojibu sawa: Maria alizaliwa na baba na mama kama sisi, lakini roho yake, tangu nukta ya kwanza, haikuguswa na dhambi ya asili. Kosa si la akili zao. Bila haikuwaambia.

Papa Pio IX alipotangaza fundisho hilo mwaka 1854 hakutegemea sine. Alisema kwamba Maria alilindwa, alihifadhiwa na kila doa la dhambi ya asili, kwa kuyatazamia mastahili ya Yesu Kristu, Mwokozi wa wanadamu. Hilo ni tendo, na tendo lina mtenda. Mfransisko Yohani Duns Scotus, aliyekufa mwaka 1308, alikwisha kuonyesha kwamba kumkinga mtu asianguke ni wokovu ulio mkubwa kuliko kumwinua akiisha kuanguka. Basi Maria naye ameokolewa, tena zaidi yetu.

Katika vitabu vingi vya sala vya Kiswahili tunasoma Maria Mkingiwa dhambi ya asili. Nimewasikia wengine wakilalamika kwamba jina hilo ni gumu, na kwamba «bila dhambi» ni fupi na rahisi zaidi. Ni fupi, kweli. Lakini katekista anaposema mkingiwa, mtoto mmoja wa nyuma huinua mkono na kuuliza: alikingiwa na nani?